Bega la Wolke

Jumanne, 14 Oktoba

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, na daftari hili ndilo linaloambiwa kwanza: ninawapenda wasichana. Si wote. Kwa sasa ni Jördis, anayekaa karibu na dirisha katika somo la kemia na kutafuna kifuniko cha kalamu. Nimesoma karibu vitabu vyote vya maktaba ya mjini vinavyohusu watu kama mimi, nikiwa nimesimama katikati ya rafu, wala sijaazima hata kimoja, kwa sababu mkutubi anaimba kwaya moja na mama.

Likizo ya vuli. Mvua tangu Ijumaa. Oldenburg yote inanuka majani yaliyooza.

Jumatatu, 27 Oktoba

Darasa letu limetawanywa makazini kwa wiki tatu, tukaonje kazi za watu wazima. Jördis yuko kwa daktari wa wanyama. Mimi niko gazetini. Nilifika mapema mno, nikasimama nje kwenye mvua ili nisionekane nina haraka.

Msimamizi wangu ni Gesine Oltmanns. Nilimwita Bi Oltmanns, akasema hapa hakuna bibi wala bwana, hapa kuna watu wachache na meza nyingi. Ni kweli, meza nyingi ni tupu na zimewekwa maua ya plastiki. Mpiga picha aliachishwa kazi mwezi Aprili. Sasa anayekwenda kuandika ndiye anayepiga picha, kwa simu yake.

Mchana Gesine aliagiza samaki kwa simu. Akasema, "Mke wangu hapendi wenye miiba." Alisema "mke wangu" kama mtu anavyosema "baiskeli yangu". Nilikuwa naandika habari ya paka aliyepotea. Niliandika sentensi ile ile mara mbili.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Paka amepatikana.

Jumanne, 4 Novemba

Leo Gesine alinipeleka kwenye Meza.

Jina lake halisi ni refu: tawi la huku kwetu la chama cha waandishi wa habari wanaopenda wa jinsia yao na wenzao. Wenyewe huita Meza tu, maana hukutana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kwenye meza ile ile ya chumba cha nyuma, katika mkahawa wa Bi Wübbena. Gesine ni mwenyekiti. Hakuniuliza mimi ni nani. Alisema tu kwamba wanahitaji mtu wa kuwasaidia kuandika. Nilishukuru kutoulizwa, na papo hapo iliniuma.

Malte wa redio alinivutia kiti. "Karibu, mdogo wangu. Hapa tuna makundi mawili: waliopunguzwa kazi na wanaosubiri kupunguzwa." Watu walicheka, isipokuwa wawili. Baadaye nilijua kwamba hao walikuwa wa kundi la kwanza.

Kila mmoja huja na vipande vya magazeti ya mwezi uliopita vilivyoandika habari za watu kama wao, kisha hugombana juu ya neno moja moja: kwa nini mwandishi ametaja "anayekiri" wakati hakuna kosa, kwa nini "licha ya hayo". Sijawahi kuona watu wazima wakilipenda neno kiasi hicho. Halafu kuna desturi ya vidole. Mtu akisema jambo akiwa ameinua kidole kimoja, unaruhusiwa kuliandika na jina lake. Viwili, unaandika bila jina. Vitatu, huandiki kabisa na humwambii mtu. "Hiyo ni ya tatu," husema, na wote huitika kwa kichwa. Malte alisema hakuna aliyewahi kuvunja ya tatu kwenye Meza hii, hata walioachana kwa matusi.

Meza inatimiza miaka thelathini. Gesine amembembeleza mhariri mkuu hadi akapata ukurasa mzima wa Jumamosi, uitwao "Na Vijijini Pia". Wamempata mwalimu, muuguzi na mchungaji wa kanisa. "Hatuna mkulima," Gesine alisema. "Ukurasa wa vijiji bila mkulima ni sukumawiki bila soseji."

Malte alisema anamjua mmoja. Alikuja kwenye Meza mara moja tu, miaka miwili iliyopita, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti, akanywa nusu kikombe cha chai, akaondoka. "Nikimpigia mimi atakimbia. Mimi nina kelele hadi kwenye nywele."

Wote wakanitazama.

"Tomke hatishi mtu," Gesine alisema.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi sasa hivi kutoka Altenhörne, kijijini kwa yule mkulima, na nataka kuandika kabla mama hajaita chakula.

Anaitwa Enno Lübben. Ana miaka ishirini na sita, ni mkubwa kama kabati, na huwa mwekundu mpaka shingoni. Alinisubiri kituo cha basi ndani ya gari lenye mbwa. "Kumbe ni mtoto," alisema, kisha akaomba radhi. "Nilidhani watanitumia mtu wa kuogopesha."

Mashamba yote yamelowa, mitaro imejaa hadi ukingoni. Ng'ombe wameshaingizwa bandani kwa ajili ya baridi. Baba yake alipita na toroli, akasema "Moin", salamu ya huku ya kukutana na ya kuagana, nami nikasema "Moin", akaenda zake. Enno alikuwa amemwambia kwamba mimi ni mwanafunzi ninayeandika habari za ng'ombe. Mama yake alifariki zamani. Wako wawili tu.

Alizungumza akikamua. Kwao mkamuaji husimama shimoni, ng'ombe wakiwa juu, viwele usawa wa uso, na nadhani ndiyo sababu aliweza kuzungumza: hakunitazama mimi, alitazama viwele. Alifuta chuchu kwa kitambaa, akavisha mashine, akasogea kwa anayefuata, na sentensi zikatoka katikati. Alinieleza habari za kijana mmoja wa Bremen aliyekuwa na uhusiano naye mwaka mzima, wakikutana kwenye maegesho ya magari. Alinieleza kuhusu zimamoto wa kijiji, ambao amejitolea nao tangu ana miaka kumi na sita, na kwamba kengele ya mfukoni ikilia hakuna kitu duniani kinachomfurahisha kama kukimbia na wenzake.

Kisha akanieleza jambo ambalo lazima niliandike vizuri, kwa sababu kila kitu kimetundikwa hapo. Tarehe mbili Januari yeye na baba yake wana miadi kwa mwanasheria. Baba atamwandikia shamba. "Akishatia sahihi nitamwambia. Siyo kabla. Nikimwambia kabla, atatakiwa kuchagua, na yule mzee hajachagua kitu maishani, hata kofia alichaguliwa na mama."

Mimi huwa siulizi. Lakini nilimwuliza swali moja: kama ni hivyo, kwa nini azungumze na gazeti sasa?

Alifuta chuchu moja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilipokuwa na umri wako, watu kama mimi niliwaona kwenye runinga tu. Wote wa mjini, viatu vinang'aa. Nikadhani kinachonifanya nisiwezekane ni ng'ombe. Kama kuna kijana huko nje mwenye buti, basi ajue anawezekana. Hata kama mimi mwenyewe bado sijapata hakika."

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno kabisa. Ningeweza kumwambia. Niliangalia buti zangu, ambazo ni za mama, nikauliza ng'ombe yule mwenye doa jeupe anaitwaje.

Akacheka kwa mara ya kwanza. Huyo ni Wolke, yaani Wingu, kwa sababu ya doa lililo begani mwake. Julai alivishwa utepe kwenye maonyesho ya mifugo, akatembezwa uwanjani na mzee mwenyewe, aliyekuwa amenyoa ndevu kwa ajili hiyo.

Masharti yake ni matatu: jina lisiandikwe, kijiji kisitajwe, uso usionekane. Gazetini ataitwa Harm. Nilimpiga picha ya mkono tu, ukiwa juu ya bega la Wolke, vidole vikizama kwenye doa jeupe. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jumapili, 9 Novemba

Niliandika kutwa. Nilisahau kula. Nadhani hii ndiyo kazi nitakayoifanya maisha yangu yote.

Jumanne, 11 Novemba

Huku kwetu aliyehojiwa hutumiwa maneno yake kabla hayajachapwa, na analotaka kulifuta hufutwa. Nilimtumia Enno asubuhi, jioni akarudisha. Hakugusa habari za maegesho ya magari, hakugusa neno lolote kuhusu baba. Amefuta sentensi moja tu: ile ya Wolke na utepe wa Julai, jina na yote. Ilikuwa sentensi yangu nzuri kuliko zote.

Nilimwonyesha Gesine. Akasema wakulima wa huku ndivyo walivyo, watakueleza habari za moyo wao lakini hawatakubali waonekane wanajisifu. Tukaifuta.

Nikauliza kama nimtumie na picha pia aione.

"Hapana. Maneno yake ni yake," Gesine alisema. "Kichwa cha habari na picha ni vyetu. Tukianza kuwatumia watu picha, hatutachapa gazeti mpaka Pasaka. Uso haupo, mwanangu. Umefanya kazi safi."

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya mwisho gazetini. Gesine amenipa kikombe chenye nembo ya Meza. Nimekificha nyuma ya kamusi.

Jumamosi, 15 Novemba

Imetoka. Nusu ya chini ya ukurasa, mkono na bega la Wolke safu nne kwa upana. Mama aliisoma mezani. Alipomaliza akasema, "Maskini kijana wa watu. Umeandika vizuri, Tomke." Akapaka siagi. "Na wewe ulijisikiaje, kukaa na watu wale?"

Nilisema vizuri. Akasema alikuwa anauliza tu.

Malte alituma ujumbe: Meza nzima inajivunia mtoto wao. Nimeusoma mpaka nimeukariri.

Mvua imekatika kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatatu, 17 Novemba

Wakati wa mapumziko ya kwanza Enno alinitumia maneno matatu. "Wolke wanamjua wote."

Sikuelewa. Nilikaa chooni na simu mkononi, nikausoma ujumbe, nikaitazama picha, nikausoma tena. Ndipo nikaona. Baada ya shule nilikimbia gazetini, Gesine akafungua kumbukumbu za mwezi Julai. Ukurasa wa kilimo, gazeti letu wenyewe: mzee Lübben akiwa amenyoa ndevu, utepe, na ng'ombe. Doa lile lile, bega lile lile. Chini yake jina lake, jina la ng'ombe, na kijiji.

Tulimfunika mtu uso, tukamwacha ng'ombe uso wazi. Sisi wa mjini tunaona ng'ombe. Wao wanaona Wolke, kama vile mimi ninavyomjua mkutubi kwa mgongo. Enno alilijua hilo, ndiyo maana aliifuta sentensi ile, na aliamini kwamba watu waliofuta maneno watakuwa wameelewa wanafuta nini. Wala hakuna aliyemwambia ni picha ipi tumeichagua. Siku ile nilipiga nyingi: mkono juu ya ndoo, mkono juu ya lango.

Gesine aliitoa picha kwenye tovuti papo hapo. Alikosea neno la siri mara mbili. Lakini gazeti la karatasi lilikuwa limeshaingia kila jiko kuanzia hapa hadi kwenye tuta la mto.

"Ni mimi niliyesema picha ni yetu," aliniambia. "Kumbuka hivyo."

Ninakumbuka. Ninakumbuka pia ni nani aliyebonyeza.

Jumatano, 19 Novemba

Shuleni wanasema "mchumba wa Wolke". Wavulana wa nyuma hulia kama ng'ombe mwalimu akigeuka. Jördis alisema waache utoto, kisha akasema, "Lakini na yeye, mtu mwenye akili gani anakwenda kuyasema gazetini?" Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Ana alama ndogo shingoni.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua imerudi.

Jumatatu, 24 Novemba

Enno amepiga simu mwenyewe. Nilijiandaa kutukanwa, na ningefurahi. Hakunitukana. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Baba yake alilisoma gazeti Jumamosi ile, akalikunja, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha, akauliza kama daktari wa ng'ombe amepiga. Tangu hapo hajasema kitu. Si kwamba amekasirika. Wanakamua, wanakula, wanasema "Moin" asubuhi. Gazeti bado liko pale dirishani. Hakuna anayelitoa.

Zimamoto hawakumfukuza. Kwao wote hubadilisha nguo katika chumba kimoja, haraka, wakikanyagana. Alhamisi kengele ililia, bohari la majani liliwaka upande wa pili wa mfereji. Enno alipoingia, wenzake wote walitoka nje wakasubiri kwenye mvua mpaka amalize kuvaa. Hakuna aliyesema neno baya. Gari lilichelewa. Kesho yake kamanda akaja nyumbani, akakataa chai, akamwomba kwa upole apumzike kidogo nyumbani, kwa ajili ya kasi.

"Ni watu wazuri," Enno alisema. "Nimesoma nao."

Nikamwambia samahani. Nikasema tena. Akasema, "Usilie, mdogo wangu, una mitihani." Ndivyo alivyosema.

Sikumwambia. Ningemwambia sasa, ingekuwa kama kumpa mtu aliyeunguliwa nyumba picha ya nyumba yangu.

Jumamosi, 29 Novemba

Mtihani wa hisabati ulikuwa mbaya. Mama amepika sukumawiki. Nilisema naumwa.

Jumanne, 2 Desemba

Nilidhani Meza watajua la kufanya.

Nilikuwa nimemwandikia Enno awali nikimwomba aje, hakujibu. Kiti cha karibu na mlango kiliachwa wazi, na hakuna aliyekubali kwamba kimeachwa kwa makusudi. Bi Wübbena alileta chai na sukari ya mawe, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Gesine alieleza yote, alijitaja yeye, hakunitaja mimi. Kisha wakaanza. Mmoja akasema gazeti lichape masahihisho. Malte akauliza masahihisho ya nini, kwani kuna lililoandikwa uongo? "Tuandike: ng'ombe wetu wa Jumamosi hakuwa yule?" Mwingine akasema waende Altenhörne wote, na bendera. Malte akamwambia, "Nenda. Ukirudi tuhesabie madirisha yaliyofungwa." Mwingine akapendekeza barua ya wazi kwa zimamoto. Gesine akasema barua hiyo italazimika kutaja jina la Enno, ambalo mpaka leo halijatajwa na mtu yeyote kwa maandishi, na hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho.

Waligombana saa nzima juu ya neno. "Kosa" au "ajali". Mwezi uliopita niliupenda ugomvi wa namna hiyo. Leo niliwatazama watu hawa wenye mvi, wanaojua kupima neno kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, nikaona kwamba hicho ndicho wanachokijua, kupima maneno, na kwamba kule shambani hakuna neno lililopungua wala kuzidi. Kule kuna gazeti dirishani.

Halafu Malte, bila utani, akasoma ujumbe kutoka makao makuu ya chama. Wameusifu ukurasa wetu. Wanataka kuutumia kwenye mafunzo ya mwakani, kama mfano wa namna ya kuwalinda tunaowahoji. Hakuna aliyecheka. Gesine alifunika uso kwa viganja vyote viwili, nikaona pete yake, nikakumbuka siku ile ya samaki, jinsi nilivyodhani kwamba mtu akishaweza kusema "mke wangu" kwa sauti ile hakuna jambo linaloweza kumshinda.

Mwishowe Gesine alinyanyua vidole vitatu. "Ya tatu," alisema. "Naacha uenyekiti." Hakuna aliyemsihi abaki. Hakuna aliyetaka nafasi hiyo. Sijui kama Meza itakutana tena Januari. Bi Wübbena aliuliza kama aweke nafasi, wakasema watampigia.

Ninaandika ya tatu katika daftari. Basi nami nimeivunja.

Jumatatu, 8 Desemba

Ujumbe wangu kwa Enno haufiki tena.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua. Mitaro imefurika, basi la Altenhörne linazunguka mbali.

Jumanne, 16 Desemba

Nilimwona Gesine sokoni na mkewe, mwanamke mfupi mwenye kofia ya manjano. Walikuwa wanabishana kuhusu viazi. Gesine aliniona, akainua mkono, akaanza kuja. Niligeuka nikaingia duka la kwanza. Lilikuwa la vifaa vya kuvulia samaki. Nilisimama humo nikitazama ndoano mpaka wakaondoka. Sijui kwa nini. Yeye hakuwahi kunifanyia baya.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo nimekwenda Altenhörne. Sikumwambia mtu. Nilipanda basi la mchana, nikatembea kutoka kituoni, buti za mama zikijaa maji.

Mzee Lübben alifungua mlango kabla sijabisha. Bado hajanyoa. "Moin," alisema.

"Moin."

"Wewe ndiye wa ng'ombe."

Nikasema ndiyo. Nikasema mimi ndiye niliyepiga picha. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi nyingi njiani, na hiyo ndiyo iliyotoka. Alinitazama, akatazama buti zangu, akasema muda wa kukamua umefika na kwamba kama nina la kusema nilisemee huko. Tulipopita jikoni niliona kizingiti cha dirisha. Gazeti lipo.

Enno ameondoka tangu Jumapili ya pili ya majilio. Aliacha simu yake mezani na funguo za gari juu yake. Mzee hajui yuko wapi. Labda Bremen, alisema, kama mtu anavyosema labda mwezini. Miadi ya mwanasheria ameifuta, maana sahihi zinatakiwa mbili. Mashamba anamkodisha jirani. Ng'ombe wataondoka baada ya Krismasi, Wolke kwanza, kwa sababu mnunuzi wake yupo tayari. Ameshakuwa maarufu, alisema, na sikuweza kujua kama huo ni utani.

Alishuka shimoni, nami nikashuka nyuma yake. Alikuwa peke yake kwa ng'ombe wote wale. Alivisha mashine ya kwanza, na kama mwanawe, alianza kuzungumza na viwele.

"Nilijua tangu ana miaka kumi na nne. Mama yake alijua kabla yangu. Kijiji kizima kilijua, binti yangu. Nadhani hata mbwa. Hakuna aliyetakiwa kusema kitu, tukaishi. Sasa kila ninakokwenda, kwa muuza chakula cha ng'ombe, kanisani, watu wananitazama wanasubiri niseme. Mimi maneno hayo sina. Sikupewa."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Enno hayo, hayo hayo tu, kwamba alijua.

"Nilisubiri aanze yeye." Akasogea kwa ng'ombe anayefuata. "Na yeye alinisubiri mimi. Wiki nzima, na nyingine. Ningetia sahihi. Kalamu nilikuwa nimeshainunua." Mashine zilivuta na kuachia, zikavuta na kuachia. "Ukimpata, mwambie..."

Hakumalizia.

Wolke alikuwa wa nne kutoka mwisho. Doa lilikuwa juu ya kichwa changu kabisa. Kwa karibu halifanani na wingu, lina matope.

Nikamwambia mzee Lübben kwamba mimi ninawapenda wasichana. Nikasema sijapata kumwambia mtu, wala mama, wala Enno, ingawa nilikuwa na nafasi mara mbili na labda ingemfaa, kujua kwamba yule kijana mwenye buti alikuwa amesimama pale pale mbele yake. Nilisema yote kwa sauti ya kawaida, nikiangalia kiwele. Sikunyanyua vidole. Sikumwambia ni ya tatu.

Sijui hata kama alisikia, mashine zina kelele. Baada ya muda alinyoosha mkono bila kugeuka, akanipa kitambaa cha kufutia.

Nikafuta chuchu za Wolke, akavisha mashine. Nikasogea kwa anayefuata, nikafuta, akavisha. Tulipomaliza nilisafisha sakafu kwa mpira wa maji, nikakisuuza kitambaa, nikakitundika kwenye msumari. Akasema "Moin." Nikapanda basi la jioni, nikarudi nyumbani.